Mtoto Anapochora Yaliyo Moyoni
Namna ya kuwasaidia watoto wadogo kuonyesha hisia zao kwa kuchora, kupaka rangi na kufinyanga



Katika toleo hili tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu hulidharau, nalo ni mtoto mdogo kuchora. Tukimwona amechuchumaa nje ya nyumba akichora ardhini kwa kijiti, tunasema anacheza tu, na mara nyingi tunamwita aende kuchota maji. Ni kweli anacheza. Lakini kwa mtoto wa miaka mitatu hadi minane, mchezo huo ni njia mojawapo ya kusema yale ambayo mdomo wake bado hauwezi kuyasema.

Watoto wa kambi zetu hapa Burundi hawafanani. Wako waliozaliwa hapahapa, ambao Kongo wanaijua kwa kusimuliwa tu. Wako waliovuka mto Rusizi mwaka 2025 wakati wa mapigano ya Kivu, wamebebwa mgongoni au wameshika nguo ya mama. Wako waliofika na shangazi au jirani kwa sababu wazazi walipotea njiani. Na wako ambao hawakuona vita, lakini wameona posho ikipungua, baba na mama wakigombana, au rafiki yao mpenzi akipanda basi na familia yake kwenda nchi ya tatu. Wote hao wana jambo moyoni.

Kwa nini mtoto hasemi?

Mtu mzima akiwa na huzuni anaweza kusema, "Roho inaniuma, namkumbuka ndugu yangu." Mtoto wa miaka minne hana maneno hayo. Yeye anahisi tumbo linabana, moyo unakwenda mbio, machozi yanakuja, na hajui kwamba hali hiyo inaitwa woga au huzuni. Kwa hiyo hutwambia "tumbo linauma", au hasemi kitu.

Kuna sababu nyingine pia. Watoto wengi wamejifunza kunyamaza. Njiani waliambiwa "Nyamaza, watatusikia," na kunyamaza huko kuliwaokoa. Wengine wanaona mama analia wanapotaja jina la baba, basi wanaacha kulitaja ili mama asilie. Wavulana nao huambiwa kwamba mwanamume halii. Mtoto huyo hajasahau, ila ameyafungia ndani.

Yanayofungiwa ndani hutokea kwa njia nyingine. Unaweza kuona mambo haya:

- Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena.
- Anashtuka usiku, anapiga kelele au anaota ndoto mbaya.
- Hataki kuachana na mama hata kwenda chooni.
- Anapiga wenzake, anavunja vitu, anakasirika kwa jambo dogo.
- Anakaa peke yake, hachezi, haongei kama zamani.
- Anarudia mchezo uleule wa kukimbia, kupiga risasi au kuzika, siku baada ya siku.

Mambo haya si ukaidi, si laana wala uchawi. Ni namna mwili na akili ya mtoto inavyojibu baada ya hofu au msiba. Kumpiga mtoto anayekojoa kitandani hakumponyi, humwongezea hofu. Kumbuka pia kwamba kukojoa kitandani kunakoanza ghafla kunaweza kutokana na ugonjwa, kama vile maambukizi ya njia ya mkojo. Kama mtoto ana homa, anasikia maumivu akikojoa, au ana kiu kupita kiasi, mpeleke kituo cha afya apimwe kwanza.

Habari njema ni kwamba watoto wengi hupata nafuu bila dawa na bila daktari wa akili. Mwaka 2007 mashirika ya misaada ya kibinadamu yalikubaliana juu ya mwongozo mmoja wa kuwasaidia watu kiakili na kijamii wakati wa dharura. Mwongozo huo unaeleza kwamba walio wengi huhitaji kwanza usalama na mahitaji ya kila siku, kisha familia na jamii inayowashika mkono. Ni wachache tu wanaohitaji mtaalamu. Kwa hiyo wewe unayeishi na mtoto ndiye msaada wake wa kwanza, na mchezo wa kuchora ni chombo ambacho unaweza kukitumia nyumbani kwako.

Kuchora kunasaidia namna gani?

Kwanza, kuchora kunautoa woga ndani na kuuweka mahali ambapo mtoto anaweza kuutazama. Jambo lililokuwa kubwa kichwani sasa ni dogo, liko juu ya karatasi au mchangani, na yeye ndiye mwenye uwezo juu yake. Anaweza kulifuta, kulichorea ukuta, au kuongeza mtu wa kumsaidia.

Pili, mkono unapofanya kazi, mwili hutulia. Kukanda udongo na kupaka rangi polepole humtuliza mtoto, kama vile mtu mzima anavyotulia akisuka mkeka au akichambua maharage.

Tatu, mtoto anapata maneno. Akikuonyesha mtu aliyemchora mweusi kabisa na kusema "huyu anaogopa," amejifunza kulitaja jambo lile. Mtoto anayeweza kusema "ninaogopa" hana haja kubwa ya kupiga wenzake.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, mtoto anaona kwamba yuko mtu mzima aliyekaa naye, anayemtazama bila kumkemea. Picha yenyewe bila mtu huyo haina nguvu nyingi.

Watoto wengine waliochora

Mwaka 2005 watafiti wawili wa shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch walikwenda mpakani mwa Chad na Darfur, huko Sudan, kuzungumza na wakimbizi. Waliwapa watoto karatasi na kalamu za rangi ili wajishughulishe wakati wazazi wao wanahojiwa. Hakuna aliyewaambia wachore nini. Watoto walichora watu wenye silaha juu ya farasi na ngamia, ndege angani na vijiji vinavyoungua. Wazazi wako ndani wakieleza, na watoto walikuwa wakieleza yaleyale nje, bila maneno.

Miaka mingi kabla ya hapo, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wanazi waliwafunga Wayahudi katika mji wa Terezín, ambao leo uko katika Jamhuri ya Cheki. Kati ya wafungwa alikuwamo mchoraji aliyezaliwa Vienna, Friedl Dicker-Brandeis, aliyefika huko mwishoni mwa mwaka 1942. Aliwafundisha watoto kuchora kwa siri, kwa makaratasi yaliyokwisha kutumika. Mwaka 1944 alipelekwa Auschwitz akauawa, na wengi wa watoto wale waliuawa pia. Lakini michoro yao ipatayo 4,500 ilifichwa ndani ya masanduku mawili ya nguo na ipo hadi leo. Ukiiangalia, utaona walinzi na foleni za chakula, lakini utaona pia maua, vipepeo, nyumba za nyumbani kwao na meza zenye chakula.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba mtoto akipewa nafasi atachora yaliyo moyoni bila kuulizwa. La pili ni kwamba yaliyo moyoni si maumivu tu. Mtoto aliyeona mabaya bado ana mwembe wa babu, mbuzi wake, na wimbo wa dada yake. Usimlazimishe kuchora vita kwa sababu unajua alipita vitani. Mwache achague.

Vifaa usivyovinunua

Usiseme, "Sina karatasi, sina rangi." Angalia vitu vilivyopo:

- Ardhi iliyofagiwa na kijiti. Hii ndiyo karatasi kubwa kuliko zote, na mtoto anaweza kufuta apendavyo.
- Kipande cha katoni.
- Kipande cha mkaa uliozimika na kupoa kabisa.
- Udongo mwekundu uliochanganywa na maji kidogo. Majivu kwa rangi nyeupe ya kijivujivu. Majani mabichi ya kusugua kwa rangi ya kijani.
- Udongo wa mfinyanzi kwa kutengeneza watu, wanyama, vyungu na magari.
- Majani makavu ya mgomba kwa kufunga wanasesere.
- Vifuniko vya chupa, mawe madogo, mbegu na vipande vya kitenge kwa kupanga picha chini.

Hatushauri kutumia unga wa posho kutengeneza gundi au rangi. Chakula ni cha kula.

Angalia usalama pia. Watu wengi wanajua kuvunja betri za redio au tochi ili kupata ule unga mweusi wa kupaka ubao wa shule. Usimpe mtoto unga huo hata kidogo. Ndani yake mna kemikali zenye sumu zinazoweza kumdhuru akizimeza au zikimwingia machoni. Udongo uchukuliwe mbali na vyoo na mitaro ya maji machafu. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu asipewe mbegu wala vifuniko, maana hutia kila kitu mdomoni na anaweza kukabwa. Baada ya mchezo, kila mmoja anawe mikono kwa sabuni, au kwa majivu kama sabuni haipo.

Umri na uwezo wa mtoto

Usitazamie mtoto mdogo achore kama mkubwa. Kuanzia mwaka mmoja na nusu hivi mtoto huchora mistari tu ya kukorogana, naye anafurahia mkono wake unavyoacha alama. Kati ya miaka mitatu na minne huanza kuchora mtu: kichwa kikubwa chenye miguu inayotokea kichwani moja kwa moja, bila tumbo. Hiyo si dalili ya ugonjwa, ni hatua ya kawaida. Miaka mitano na sita huchora nyumba, jua, familia. Kuanzia saba anaweza kuchora habari nzima: nani alikuwapo, nini kilitokea, wapi walikimbilia.

Mtoto mwenye ulemavu naye ana haki ya mchezo huu. Asiyesikia mara nyingi hueleza mengi kwa picha. Asiyeona atafinyanga udongo. Asiyeweza kushika kijiti atatumia kidole, kiganja au mguu.

Namna ya kukaa na mtoto

1. Chagua wakati ambao huna haraka. Nusu saa, mara mbili kwa wiki, inatosha. Ukiweza, iwe siku na saa ileile, kwa sababu mtoto aliyehamahama hutulizwa na jambo analolijua kwamba litakuja.

2. Kaa chini, usawa wake. Ukisimama juu yake, ni kama mwalimu anayesahihisha.

3. Mwambie kwa maneno machache: "Hapa unaweza kuchora kitu chochote unachotaka. Hakuna kibaya wala kizuri."

4. Mwache aanze mwenyewe. Akisema "mimi sijui," usimchoree wewe akaiga. Chora mstari tu upande wako, au kanda udongo wako. Akiona mikono yako inafanya kazi, yake itaanza. Asipotaka kabisa leo, basi. Siku nyingine ipo.

5. Tazama, usihoji. Maswali mengi yanamfunga mtoto, hasa yale yanayoanza na "kwa nini".

6. Akimaliza, mwombe akusimulie kama anapenda. Asikilizwe kwa lugha anayoiota ndoto. Kama nyumbani mnasema Kibembe, Kifuliru, Mashi au Kinyamulenge, ongeeni hiyohiyo. Huzuni haihitaji Kiswahili sanifu.

7. Funga mchezo vizuri. Kama amechora jambo la kutisha, usimwache hapo na kumpeleka kulala. Mwombe aongeze mtu au kitu cha kumlinda, au achore mahali anapopapenda. Kisha imbeni, naweni mikono, endeleeni na kazi.

Maneno ya kusema na ya kuepuka

Badala ya kuuliza "Hiki ni nini?" sema "Nisimulie habari ya picha yako."
Badala ya "Mbona mtu wako hana mikono?" sema "Naona mtu mmoja yuko hapa pembeni," kisha nyamaza usubiri.
Badala ya "Usichore mabaya, chora maua!" sema "Hilo linaonekana la kutisha. Niko hapa na wewe."
Badala ya "Usilie, umekuwa mkubwa" sema "Lia tu. Ukiwa na huzuni, machozi huja. Hata mimi huwa nalia."
Badala ya "Nzuri sana! Yako imeshinda ya dada yako" sema "Umetumia nyekundu nyingi hapa. Umekaa na kazi hii muda mrefu."

Huenda msemo huu wa mwisho ukaonekana wa ajabu, kwani tumezoea kusifu. Lakini mtoto akishajua kwamba unasifu picha nzuri tu, atakuchorea maua kila siku ili ufurahi, na yaliyo moyoni yatabaki palepale.

Michezo minne ya kujaribu

Nyuso. Chora duara nne ardhini. Mtoto aziwekee macho na midomo: uso wa furaha, wa huzuni, wa hasira, wa woga. Halafu kila mmoja aweke jiwe kwenye uso wa leo. Wewe pia weka lako, useme ukweli: "Mimi leo ni hapa kwenye hasira, kwa sababu bomba lilifungwa kabla sijajaza dumu langu." Mtoto anajifunza kwamba mkubwa naye anahisi, na kwamba hasira inaweza kutajwa bila kumpiga mtu.

Mwili wangu. Mtoto alale chali mchangani, wewe mzungushie mstari kwa kijiti. Akiinuka ataona umbo lake. Mwulize, "Ukiogopa, woga unakaa wapi?" Wengine wataweka majani tumboni, wengine kifuani, wengine miguuni. Kisha uliza, "Na furaha inakaa wapi?" Aweke maua au vifuniko. Mchezo huu unasaidia sana mtoto ambaye kila siku anasema anaumwa na wahudumu hawaoni ugonjwa.

Mahali pangu pazuri. Mwambie afikirie mahali ambapo moyo wake unatulia: mgongoni kwa bibi, chini ya mti wa shule, kando ya ziwa Tanganyika, au hapahapa kitandani karibu na ndugu zake. Apachore na kupamba. Picha hiyo inaweza kuning'inizwa karibu na anapolala. Akishtuka usiku, mkumbushe picha hiyo, mvute pumzi polepole pamoja.

Udongo wa hasira. Mtoto mwenye hasira nyingi apewe donge la udongo. Alipige, alibonyeze, alitupe chini. Hasira ikishapungua, mwulize donge hilo sasa linataka kuwa nini. Mara nyingi linakuwa mnyama au chungu.

Usiifasiri picha kama mpiga ramli

Huu ndio ushauri tunaotaka ushike hata ukisahau mengine. Wako wanaosema kwamba rangi nyeusi maana yake ni kifo, nyekundu maana yake ni damu, mtu asiye na mikono maana yake mtoto anapigwa. Sivyo. Mtoto huenda ametumia nyeusi kwa sababu mkaa ndio uliokuwapo. Nyekundu inaweza kuwa ni gauni la sikukuu. Mikono haipo kwa sababu mchoraji ana miaka minne.

Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maana ya picha anaijua aliyeichora. Ukimpa maana yako, unamnyang'anya yake. Tena unaweza kuleta balaa nyumbani, kumshuku baba wa kambo au jirani kwa sababu ya mchoro tu. Picha si ushahidi wala si kipimo cha ugonjwa. Ni mwanzo wa mazungumzo, na mtoto ndiye anayeamua yaende mpaka wapi.

Picha ni mali ya mtoto

Usiichane, usiitumie kuwashia moto mbele yake, usiionyeshe kwa majirani wakacheka. Akitaka kuitunza, mtafutie mahali pakavu. Akitaka kuichana mwenyewe au kuizika, mwache. Ndivyo anavyoagana na jambo hilo.

Wakati mwingine hufika wageni, waandishi wa habari au watu wa mashirika, wakaomba kupiga picha michoro ya watoto. Una haki ya kuuliza itatumika wapi, na una haki ya kukataa. Mtoto naye aulizwe. Kukataa hakupaswi kukuondolea posho wala huduma yoyote. Jina la mtoto, na mahali familia ilikotoka, visiandikwe juu ya mchoro unaotoka nje.

Ninyi mnaoendesha makundi ya watoto, msifanye mashindano ya picha ya huzuni, na msiwakusanye watoto mkawaambia "choreni vita". Mkiwafungua watoto thelathini vidonda kwa saa moja kisha mkaenda nyumbani, ni nani atakayebaki nao usiku?

Wakati wa kutafuta msaada zaidi

Mpeleke mtoto kituo cha afya, au mwite mhamasishaji wa afya wa mtaa wako, ukiona mojawapo ya mambo haya:

- Dalili tulizozitaja mwanzoni zinaendelea zaidi ya mwezi mmoja bila nafuu, au zinazidi.
- Ameacha kula, au ameacha kabisa kuongea.
- Anasema anataka kufa, au anajiumiza.
- Anarudia kuchora jambo lilelile la kutisha na kila mara anabaki na hofu kubwa.
- Anaanguka na kutetemeka, au anapoteza fahamu. Huenda ni kifafa au malaria kali, na usisubiri hata siku moja.

Kama mtoto amekwambia, kwa maneno au kwa picha, kwamba mtu amemshika sehemu za siri au amemfanyia tendo la ngono, usimhoji, usimpige, wala usimwendee mtu huyo kwa hasira. Mwambie: "Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako." Kisha mpeleke kituo cha afya mara moja. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri mnavyowahi ndivyo bora. Hata kama saa hizo zimepita, nendeni tu, maana kuna matibabu mengine na kuna wahusika wa ulinzi wa watoto watakaomsaidia kwa siri.

Na wewe mzazi?

Inawezekana mtoto atachora mlango wa nyumba mliyoiacha, na wewe ndiye utakayelia. Si aibu. Mwambie, "Picha yako imenikumbusha nyumbani, ndiyo maana nalia. Si wewe uliyenikosea." Mtoto akijua sababu ya machozi yako hatajilaumu. Lakini usimtwike mzigo wako wote. Hayo mengine yapeleke kwa mtu mzima mwenzako: dada, rafiki, kiongozi wa dini, kikundi cha akina mama au akina baba, au mhudumu wa afya ya akili kituoni. Kama siku hiyo moyo wako ni mzito mno, mwombe shangazi au kaka mkubwa akae na mtoto badala yako.

Akina baba, kazi hii si ya akina mama peke yao. Mtoto anayemwona baba yake amekaa chini akifinyanga ng'ombe wa udongo pamoja naye, hupata usalama ambao hauletwi na maneno mengi.

Kumbuka

- Mtoto mdogo huonyesha hisia kabla ya kuweza kuzisema. Mpe njia ya kuzionyesha.
- Kijiti na ardhi vinatosha.
- Achague mwenyewe cha kuchora. Asilazimishwe kuchora mabaya, asikatazwe.
- Sikiliza zaidi kuliko kuuliza. Usifasiri.
- Malizeni kwa jambo la kutuliza, kisha naweni mikono.
- Picha ni yake.
- Dalili zikizidi, usifiche. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Leo jioni, kazi zikipungua, fagia kipande kidogo mbele ya mlango, umpe mtoto kijiti na ukae karibu naye. Huenda siku ya kwanza asichore ila mistari iliyokorogana, na ya pili hivyohivyo. Usikate tamaa. Endelea kukaa.